Jiwe la Kuzuia Gurudumu

Dada yangu alitaka kupanda basi. Naliandika hili mapema kwa sababu kila ninaposimulia habari hii huwa nalichelewesha, na nikilichelewesha sana linasahaulika, nami nabaki kuwa mtu aliyepata ajali tu, kama watu wengine.

Alikuwa Makambako kwa juma zima akimuuguza binti yake aliyejifungua, na sasa alitaka kurudi kwake Mdandu. Mahindi yalikuwa yamekauka shambani na ng'ombe wa jirani walikuwa wameanza kupita pale polepole, kama maofisa wanaokagua. Mimi pia nilikuwa Makambako, nikisahihisha mitihani ya chuo ninakofundisha siku tatu kwa wiki. Nyumbani kwangu ni Njombe mjini.

"Nitakupeleka," nikamwambia. "Njia ni moja."

"Kwa hicho chako?"

"Pikipiki, dada."

"Jina lake nalijua. Nauliza kama ni kwa hicho."

Ana miaka sitini na mitatu, mimi hamsini na mmoja. Alinibeba mgongoni mpaka nilipofikia umri wa kuona aibu, na baadaye akalima viazi ambavyo mimi nilivigeuza kuwa shahada. Mume wake alifariki zamani. Watoto wametawanyika. Kitu kilichobaki kikiwa chake peke yake ni lile shamba la Mdandu, ambalo hulilima mwenyewe, kwa jembe, na hataki kusaidiwa kwa sababu, anasema, watu wanaosaidia hupanda kama wanaomwaga takataka. Nikamwambia basi litamchelewesha. Haikuwa kweli. Nilitaka anione nikiendesha.

Pikipiki hiyo niliinunua nikiwa na miaka arobaini na saba, umri ambao wanaume wenzangu hununua ng'ombe wa maziwa. Nilikuwa naiendesha polepole kiasi kwamba magari yalijipanga nyuma yangu, na vijana wa kijiwe cha bodaboda pale Makambako walinipa jina la Msafara. Asubuhi ile tulipopita mbele yao, dada kafunga kitenge juu ya sweta na kofia ngumu juu ya kilemba, mmoja akasimama akapiga saluti.

"Msafara leo una mgeni rasmi!"

"Mama, umebeba chakula? Mtafika Jumatatu!"

"Nimebeba," dada akawajibu. "Na cha kuwagawia nyinyi tukiwakuta mmelala mtaroni kwa hizo mbio zenu."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nami nikacheka, kwa sababu nilijiona niko upande wa wenye busara.

Niongeze jambo lingine linalonifanya nijione mjinga zaidi. Mwaka mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimeandika makala gazetini kuhusu kuwa macho barabarani. Usharika wetu ukaniomba nije niongee na vijana wa bodaboda, hao wa Makambako wakiwemo, na nikaenda na karatasi yenye hoja. Niliongea saa nzima. Nilisema dereva asome barabara kama kitabu. Nilisema abiria asimsumbue dereva, kwa maana umakini ni kitu dhaifu na ukikatizwa haurudi haraka. Vijana wenye miaka kumi ya barabara, waliokwisha kuzika wenzao, walinisikiliza kwa adabu na wakala mandazi.

Basi, tulipotoka Makambako dada akaanza.

"Mbuzi!"

"Nimemwona."

"Shimo hilo! Shimo!"

"Nimeliona, dada."

"Lori linakuja. Huyu mtoto, huyu mtoto, mtoto huyu anataka kuvuka!"

Mtoto alikuwa amekaa juu ya ndoo, mbali kabisa na barabara. Mbuzi alikuwa amefungwa kamba. Aliposema tena "Mbuzi!", kwa mbuzi mwingine aliyefungwa kamba, nilishtuka, pikipiki ikayumba, nikasimama pembeni. Nikavua kofia ili anione uso. Nikamwambia kwa upole, upole ule ninaoutumia kwa wanafunzi walioshindwa.

"Dada, ukipiga kelele nashtuka, na nikishtuka tunaanguka. Barabara niachie mimi. Ukiona kitu, ujue na mimi nimekiona."

"Vyote?"

"Vyote."

"Haya, mwalimu."

Tukaendelea. Hakusema tena neno, na nakiri nilifurahia ule ukimya.

Ulikuwa mwezi wa sita. Anayeijua Njombe anajua baridi ya mwezi huo, na ukungu unaokaa barabarani asubuhi mpaka saa nne, wakati mwingine mpaka saa tano. Mbele yangu nilikuwa naona labda hatua thelathini, kisha weupe. Niliwasha taa na kupunguza mwendo, ingawa sikuwa na mwendo mwingi wa kupunguza. Tulipoanza kushuka mteremko mmoja mrefu nikaona tawi la mlingoti, yaani mkaratusi, limelazwa kwenye lami, upande wetu. Baada yake tawi lingine. Kisha la tatu.

Hakuna asiyejua maana ya matawi. Gari limeharibika mbele. Pembetatu za kuakisi mwanga zipo kisheria, ziko chini ya viti vya madereva, na madereva huwaonyesha askari pindi wanapoulizwa. Ila gari likiharibika kweli, watu wanakata matawi. Mimi mwenyewe niliwaambia wale vijana kwamba tawi ni lugha, nikaona wanaangaliana.

Nikalisoma tawi. Nikajiandaa kwa lori. Nikakodoa macho kwenye weupe nikitafuta kitu kikubwa, kirefu, cheusi, kwa sababu lori la mbao likisimama kwenye ukungu huwa kama ukuta. Nikasogea katikati ya barabara kidogo, nikasikiliza kama kuna gari linalopanda. Nilikuwa macho kuliko nilivyowahi kuwa maishani. Tukapita pale lori lilipopaswa kuwa. Hapakuwa na lori. Palikuwa na doa la mafuta, pana, na maganda ya mahindi ya kuchoma ambayo watu waliokwama hapo walikuwa wamekula. Limeshaondoka, nikajisemea. Nikarudi upande wangu, mabega yakalegea, nikaongeza mwendo.

Lori lililokuwa limesimama pale lilikuwa limeelekea chini, kama sisi. Lori lililoelekea chini huzuiwa kwa mawe mbele ya magurudumu ya mbele. Jiwe moja lilikuwa bado pale, na rangi yake ilikuwa ile ile ya lami iliyolowa.

Nilichokumbuka baadaye ni sauti, kama mtu aliyegonga meza kwa ngumi mara moja. Kisha nilikuwa nimelala kifudifudi natazama nyasi zenye umande kwa karibu sana, nikifikiri kwamba miwani yangu ilikuwa mipya. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umechubuka kuanzia kiwiko mpaka kiganja. Ni hilo tu. Kwangu mimi ni hilo tu.

Dada alikuwa amekaa katikati ya lami, kofia bado kichwani, mikono imeshika ardhi nyuma yake. Alikuwa anautazama mguu wake wa kulia. Mguu ulikuwa umegeukia nje na umekuwa mfupi, kama mguu wa mtu mwingine aliyelala karibu naye.

"Usiniguse," akasema. Sikuwa nimemgusa. Nilikuwa nimesimama tu.

Wa kwanza kufika alikuwa mama mmoja aliyetokea kwenye shamba la juu ya barabara, jembe begani. Dada akageuza kichwa akamtazama.

"Kamwene," akamsalimu, kama watu waliokutana kisimani.

"Kamwene," yule mama akajibu, kisha akaweka jembe chini na kuanza kulia. Dada hakulia. Akamuuliza kama huku kwao wameshavuna.

Wakaja wengine. Wanaume wawili wakakimbilia kwenye milingoti, wakavunja matawi, wakayapanga juu na chini yetu ili magari yajue kuna watu. Likaja gari dogo la mizigo lililobeba viazi, wakashusha magunia kadhaa ili pawe na nafasi ya kumlaza. Hata sasa sijui nani alirudi kuyachukua magunia yale. Tulipoondoka nikatazama nyuma. Matawi yalibaki barabarani. Na jiwe, ambalo tulikuwa tumelizunguka watu zaidi ya kumi kwa karibu nusu saa, lilibaki pia, kwa sababu kila mtu alikuwa anamtazama mama mwenye mguu.

Hospitalini, picha ya eksirei ilionyesha mfupa wa paja umevunjika shingoni, pale unapoingia kwenye nyonga. Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ya chini. Alisema mfupa wa mahali pale hupata damu kidogo, na kwa umri wa mama, na sukari aliyokuwa nayo, tujaribu kuuvuta kwa uzito kwanza, tuone. Nikamuuliza tuone nini. Akasema tuone kama utaunga.

Dada akauliza swali moja tu.

"Mwezi wa kumi na moja nitakuwa shambani?"

Mwezi wa kumi na moja mvua huanza na watu hupanda. Daktari akatazama faili.

"Mama, tutaomba Mungu."

"Mungu namwomba mwenyewe. Wewe nakuuliza wewe."

Kuanzia siku ile nyumba yetu yote iliishi ndani ya swali hilo. Mke wangu alihamia wodini mchana, binti wa dada alikuja kutoka Makambako na kichanga mgongoni, akina mama wa usharika walikuja na uji na nyimbo. Dada alilala chali, mguu umefungwa kamba iliyopita kwenye gurudumu dogo mwishoni mwa kitanda, na mwishoni mwa kamba uzito unaning'inia. Kila aliyeingia alimweleza kuhusu mtu fulani aliyevunjika hivyo hivyo na sasa anacheza ngoma.

Siku ya tatu tulikuwa wawili tu. Nilikuwa nimekaa pembeni namenya chungwa kwa mkono mmoja na nusu. Nikaanza kueleza, kama nilivyowaeleza watu wote, kwamba ukungu ulikuwa mzito, kwamba jiwe halikuonekana, kwamba hakuna mwanadamu ambaye angeliona.

"Mimi nililiona," dada akasema.

Nikaacha kumenya.

"Nililiona tukiwa bado mbali kidogo. Wewe ulikuwa unatazama juu, unatafuta lori. Mimi nilikuwa natazama chini, maana lori nilishajua limekwenda, yale maganda ya mahindi yalikuwa yamekanyagwa na matairi. Nikasema moyoni, jiwe lile. Kisha nikasema, ah, ameshaniambia. Nikikiona kitu mimi, yeye ameshakiona."

Alisema bila lawama yoyote. Alikuwa anaeleza kama anavyoeleza kwa nini mwaka fulani maharage hayakutoka. Nilitaka anilaumu. Nilikaa pale nikisubiri anilaumu, akaomba chungwa.

"Umelimenya kama umelipiga," akasema.

Vijana wa kijiwe walikuja Jumapili, wanne, wakiwa wamevaa mashati safi. Walisimama kwa mstari mwishoni mwa kitanda. Yule aliyepiga saluti alikosa pa kuweka mikono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Tumefika kabla ya Jumatatu, mmeona?"

Hakuna aliyecheka isipokuwa yeye. Nje, kwenye baraza, yule kijana aliniambia kitu ambacho sikukiweka kwenye karatasi yangu ya usharika. Alisema wao wakikuta matawi na gari halipo, ndipo wanapopunguza mwendo zaidi. "Gari lipo, unaliona. Gari likiondoka, mwalimu, ndipo unaanza kutafuta walichoacha." Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile ukumbini. Akasema, "Ulikuwa unafundisha."

Niliporudi kazini nilikuwa napanda basi. Basi likipita kwenye ule mteremko nilikuwa natazama dirishani. Juma la kwanza jiwe lilikuwa limesukumwa ukingoni. Juma la tatu lilikuwa limerudi barabarani, au lilikuwa jingine, sikuweza kujua. Mara moja nilimwomba kondakta asimamishe, nikashuka, nikalibiringisha mpaka mtaroni huku abiria wakinitazama. Alhamisi iliyofuata palikuwa na mawe mawili.

Siku nyingine basi lilisimama karibu na lori la mbao lililokuwa limekwama mahali hapo hapo, kupisha magari yaliyokuwa yanapanda. Dereva wa lori alikuwa amechuchumaa kando ya gurudumu, mtu wa rika langu, mikono imejaa grisi. Nikashuka.

"Pole na kazi."

"Nishapoa, mzee mwenzangu."

"Ukishatengeneza, haya mawe utayatoa?"

Akanitazama kuona kama mimi ni askari.

"Wewe nani?"

"Dada yangu ameangukia jiwe hapa. Nyonga imevunjika."

Akasimama. Akajifuta mikono kwenye suruali, ingawa suruali ilikuwa chafu kuliko mikono, akanipa pole kwa mikono miwili.

"Nikuambie ukweli au nikuridhishe?"

"Ukweli."

"Sitayatoa. Sasa hivi gari limeyalalia. Siwezi kuyatoa mpaka gari lirudi nyuma kidogo. Likirudi nyuma maana yake limewaka, na likiwaka, na breki zenyewe unavyoziona, mimi silizimi wala sisimami kwenye mteremko tena. Nitayakwepa nishuke nalo moja kwa moja mpaka penye tambarare. Na kutoka penye tambarare mpaka hapa, kwa mguu, ni saa nzima." Akatikisa kichwa. "Ningekuwa na mtu wa kubaki nyuma ayatoe, huyo mtu angefikaje kwangu?"

"Angetembea."

"Angetembea," akakubali, kwa heshima, kama mtu anayemkubalia mgonjwa. "Mwambie mama pole sana."

Nilitaka kumchukia na sikuweza. Hakuwa yeye wa siku ile, na hata angekuwa yeye nisingeweza. Niliangalia mawe yake. Alikuwa ameyachagua vizuri, makubwa, yenye upande bapa. Kondakta akapiga honi ya mdomo, nikapanda.

Baada ya wiki sita wakapiga picha nyingine. Mfupa haukuwa umeunga. Yule daktari kijana alituonyesha kwenye mwanga, kwa ncha ya kalamu, mstari mweusi uliokuwa pale pale ulipokuwa siku ya kwanza. Akazungumzia upasuaji wa kuweka nyonga ya chuma, katika hospitali kubwa, mbali. Tulikwenda huko. Wakapima moyo wake, wakapima sukari, wakatuweka siku tisa, kisha wakasema moyo hautavumilia usingizi wa dawa. Tukarudi. Njia nzima dada alikuwa anatazama mashamba ya watu wengine na kusema yapi yamepaliliwa vibaya.

Alipewa chuma cha kutembelea chenye miguu minne. Anakisukuma mbele, anajivuta, anapumzika. Kutoka kitandani mpaka mlangoni, kutoka mlangoni mpaka kiti cha barazani. Kutoka nyumbani kwake mpaka shambani ni mwendo wa robo saa kwa mtu mzima wa miguu, kuna kijito cha kuvuka na kipande cha kupanda. Mwezi wa tisa alijaribu. Sikuwepo. Jirani alimkuta amekaa kwenye nyasi si mbali na ua, chuma kimelala pembeni, akisema alikuwa anaota jua. Lakini jua halikuwepo.

Mahindi ya mwaka ule yalivunwa na watu wa usharika. Mengine yaliliwa na ng'ombe.

Pikipiki niliiuza kwa fundi aliyetaka vipuri. Wahariri wamewahi kuniomba niandike tena kuhusu usalama barabarani, nikaanza mara mbili na kuacha mara mbili. Sina cha kumwambia mtu. Nilikuwa macho. Nilikuwa macho kabisa, nikitazama mahali palipokuwa na hatari kubwa ambayo haikuwepo, na nyuma yangu alikuwepo mtu aliyeona vizuri kuliko mimi, na nilikuwa nimemnyamazisha. Ukinishauri niongeze umakini, nitakuuliza niutoe wapi.

Mwezi wa kumi na moja, mvua za kwanza zilipoanza, mpwa wa marehemu mume wake alikuja kuomba shamba. Aliomba kwa adabu zote, amevua kofia. Alikuwa na trekta la kukodi na mbegu za viazi tayari kwenye magunia. Dada alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza atapanda kwa nafasi gani kati ya mstari na mstari, akamsahihisha, akamkubalia. Mimi nilikuwa nimekaa pale nikingoja aseme kwamba ni kwa msimu huu tu. Hakusema.

Siku kadhaa baadaye akataka kuliona. Niliazima gari la mwenzangu chuoni, tukazunguka kwa barabara ya juu mpaka karibu kabisa na shamba. Nikasimamisha gari pale ambapo lote lilionekana, mpaka kwenye kijito. Trekta lilikuwa limeshapita. Nikafungua mlango wake, nikashusha kile chuma, nikakisimamisha kwenye udongo. Miguu miwili ya chuma ikazama papo hapo.

Dada alikitazama. Kisha akatazama matuta, tuta kwa tuta, kuanzia juu mpaka chini, kwa muda mrefu.

"Yamenyooka kuliko yangu," akasema. "Rudisha chuma ndani. Twende, nasikia baridi."